Mto Pangani haubebi maji peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nichangie habari za ufukwe wa Pangani kuliwa na bahari. Habari hizo, karibu zote, huanzia baharini na kuishia huko huko: mawimbi, bamvua (maji makuu ya kujaa), ukuta wa kuizuia bahari. Sipingi kwamba bahari inaila ardhi yetu, maana minazi iliyolala mchangani mizizi ikiwa nje kila mtu anaiona. Lakini ufukwe huu haukuumbwa na bahari peke yake. Sehemu yake kubwa imeletwa na mto, chembe kwa chembe, katika safari ya takriban kilomita 500, na anayetaka kujua kwa nini unapungua hana budi kuufuata mto hadi juu.

Pangani huzaliwa na mito miwili: Kikuletwa, unaokusanya maji ya Mlima Meru na ya miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, na Ruvu (si ule wa Bagamoyo) unaotoka Ziwa Jipe. Huko milimani mteremko ni mkali, kwa hiyo nguvu yote ya maji huelekea chini, yakichimba miamba ya volkano na kuacha makorongo membamba ambayo kila aliyepita Marangu au Machame ameyavuka kwa madaraja. Mawe tunayoyaona yamelala katika vijito hivyo wakati wa kiangazi ndiyo patasi yenyewe: masika yakifika huviringishwa na kugongana hadi yakawa kokoto, na kokoto zikawa mchanga.

Kwenye tambarare mto hupunguza mwendo na kuanza kutua mzigo wake. Hapo ndipo lilipojengwa bwawa la Nyumba ya Mungu, lililokamilika katika miaka ya 1960. Maji yakiingia bwawani hutulia, na yakitulia mchanga na tope huzama, hivyo yanayotoka kuelekea kusini ni kama yamechujwa. Kinamasi cha Kirua, ambacho mto ulikuwa ukikifurikia na kukitandikia tope jipya, kimesinyaa tangu mafuriko yalipodhibitiwa. Sisemi bwawa libomolewe, kwani umeme wake na samaki wake vinawafaa watu wengi. Nasema tu kwamba mashapo yaliyolala humo ni ardhi ambayo ingeendelea kushuka.

Mbele yake mto huokota mzigo mwingine, ule wa Mkomazi na Luengera, mito inayoshusha udongo wa milima ya Pare na Usambara, kisha huporomoka maeneo ya Hale na kuingia ukanda wa pwani. Shuleni tulifundishwa kwamba mto una ujana, utu uzima na uzee. Mfano huo umetupotosha kidogo, kwa sababu mto ni kijana na mzee siku hiyo hiyo, na linalotendwa utotoni mwake halichukui karne kufika uzeeni.

Mimi naishi upande wa Bweni, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Pangani. Mvua kubwa ikinyesha Usambara, haipiti muda tunaiona kivukoni: maji yanageuka rangi ya matofali, na nje ya mlango wa mto unaonekana mstari unaoyatenga na ya bahari. Tope likikutana na chumvi hugandamana na kuzama, mikoko ikapata pa kushikia. Mchanga husukumwa nje, na mawimbi ya kusi, upepo utokao kusini, huutandaza ufukweni. Mto ukikosa nguvu, mambo hugeuka na bahari ndiyo inayopanda. Marehemu babu yangu alikuwa akichota maji ya kunywa mtoni wakati wa maji kupwa, akionja kwanza kwa ncha ya kidole. Mahali pale pale alipokuwa akichota, leo maji yana chumvi hata yakipwa, na minazi ya jirani imekauka vichwa.

Kwa hiyo, ndugu Mhariri, waandishi wako watakapokuja tena kuupiga picha ukuta, nawaomba wapande pia hadi Korogwe na Nyumba ya Mungu, wawaulize wahusika ni mchanga kiasi gani unaopita kila mwaka, kiasi gani unaozuiwa, na ni nani wanaouchota mtoni kwa ajili ya ujenzi, kisha majibu hayo yachapishwe pamoja na gharama za ukuta.

Wako,
Msomaji wa Bweni, Pangani