Maarifa nayo yanataka daftari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu makala mliyochapa kwenye ukurasa wa biashara, ile iliyowashauri wafanyabiashara wahifadhi kila kitu kinachopita mbele yao kwa kuwa siku hizi programu za akili mnemba zitawatafutia wanachokihitaji kwa sekunde chache. Mwandishi amejitahidi na nia yake ni njema. Lakini ushauri ule niliufuata mwenyewe kwa miaka mingi, kabla hata programu hizo hazijaja, na najua unamfikisha mtu wapi.

Mimi ni mhasibu. Nina miaka 19 kazini, na miaka 11 ya karibuni nimeshika hesabu na mikataba ya kampuni inayosambaza mitambo. Barua pepe zangu kwa siku hazipungui 80. Nimo katika vikundi saba vya WhatsApp vya kazi. Juu ya hayo kuna kumbukumbu za vikao, orodha za bei mpya, matangazo ya mabadiliko ya kodi, na ripoti ambazo kila idara inaamini lazima nizisome. Nilikuwa nahifadhi vyote. Nilikuwa na folda ya "Muhimu", folda ya "Muhimu sana" na folda ya "Soma baadaye", na kila nilipotumbukiza faili mojawapo nilijisikia nimefanya kazi.

Kisha likatokea la mkataba. Tulikuwa na mkataba wa matengenezo na kampuni moja ambayo huduma yake ilikuwa imetuchosha. Mafundi walikuja kwa kuchelewa, vipuri vilibadilishwa bila maelezo, na kikao cha menejimenti kilikwisha kukubaliana kwamba mkataba ukiisha tarehe 31 Desemba tuachane nao. Katikati ya Novemba nikaandika barua ya kuwaaga. Wakanijibu kwa adabu wakinionyesha ibara ya 14: asiyetaka kuendelea atoe taarifa kwa maandishi siku 90 kabla, la sivyo mkataba unajihuisha wenyewe kwa miaka miwili mingine kwa masharti yaleyale. Siku 90 kabla ya 31 Desemba ni tarehe 2 Oktoba. Nilikuwa nimechelewa kwa wiki sita.

Nilipoufungua mkataba ule kwenye kompyuta yangu nilikuta nakala nne, kila moja katika folda yake. Katika mojawapo, ibara ya 14 ilikuwa imepakwa rangi ya njano, na aliyeipaka ni mimi. Nilikwisha isoma. Nilikwisha iona kuwa ni muhimu. Nikaihifadhi, na tangu siku hiyo sikuiona tena mpaka iliponigharimu. Kwa miaka miwili nimeidhinisha malipo ya huduma mbovu, na kila ankara yao ilipofika mezani moyo ulikuwa unaniuma upya.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba mtu ahifadhi kila kitu halafu atafute, nashtuka. Kutafuta kunajibu swali uliloliuliza. Mwezi wa Septemba mimi sikuwa na swali lolote kuhusu mkataba ule. Nilidhani najua kila kitu kuuhusu: unaisha Desemba, tunaondoka. Hakuna chombo cha kutafuta ambacho kingenigusa bega.

Na hizo programu mpya nimezijaribu, sizipingi. Zinafupisha ripoti ndefu vizuri na zinaniokolea muda. Ila majuzi niliiuliza moja, kutokana na faili zangu, mteja fulani ana siku ngapi za kulipa. Ikanijibu siku 30, kwa lugha safi isiyo na shaka. Siku 30 ndizo zilizoandikwa katika mkataba wa awali. Baadaye tulisaini nyongeza iliyozifanya 45, nayo ilikuwa humohumo katika folda, ila hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba hii imeiondoa ile. Lundo halijui karatasi ipi imekufa na ipi ingali hai. Anayejua ni mtu, na akishajua inabidi aandike.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wahasibu tumeuishi msemo huo, lakini tumeuishia kwenye fedha tu. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili zake anayetunza hesabu kwa kujaza risiti kwenye kiroba, akasema siku akitaka kujua faida atatumbukiza mkono humo ndani. Risiti si hesabu mpaka zipitie daftarini. Mbona taarifa nyingine zote za biashara tunaziacha kirobani?

Mwaka 1494, huko Venice, mtawa mmoja aliyeitwa Luca Pacioli alichapisha kitabu cha hisabati ambacho ndani yake kuna sehemu inayoeleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyokuwa wakitunza vitabu vyao. Wahasibu wote tunamjua kwa sababu ya debiti na krediti, yaani kuandika kila muamala pande mbili za hesabu. Kwangu mimi kilicho kikubwa zaidi ni mpangilio wake wa madaftari matatu. La kwanza ni daftari la kumbukumbu: kila tukio linaandikwa humo linapotokea, kwa haraka, bila kujali mpangilio. La pili ni la siku, ambamo mhasibu anachukua yale ya kwanza, anayachambua na kuyaandika upya kwa utaratibu. La tatu ni leja, ambamo kila kitu kinakwenda kwenye akaunti yake, na leja ina faharasa ya herufi ili akaunti ipatikane. Jambo likishahamishwa kutoka daftari moja kwenda lingine, linachorwa mstari. Usipouona mstari, ujue bado kuna kazi.

Nilijifunza hayo chuoni nikayafanyia mtihani. Sikuwahi kufikiri kwamba yanahusu kitu kingine zaidi ya fedha mpaka baada ya mkasa wa ibara ya 14.

Sasa nafanya hivi. Daftari langu la kumbukumbu ni la karatasi, dogo, linaingia kwenye mkoba. Humo naandika chochote: neno la mteja kwenye simu, kitu nilichokisoma, wazo lililonijia kwenye foleni. Kila Ijumaa saa tisa alasiri nafunga mlango kwa saa moja na kulipitia. Mengi nayafuta palepale, kwa sababu baada ya siku nne yameshajionyesha kuwa hayakuwa na uzito. Yanayobaki nayaandika upya kwenye kompyuta, jambo moja kwa ukurasa mmoja, kwa maneno yangu, kisha nachora mstari daftarini. Ijumaa ya kawaida huzaa kurasa tano au sita. Kuna Ijumaa iliyozaa mmoja.

Sharti la maneno yangu mwenyewe ndilo gumu kuliko yote, na ndilo nisiloliachia. Kunakili na kubandika ni kuhamisha kiroba tu. Nikilazimika kueleza ibara kwa sentensi zangu, ndipo nagundua kama nimeielewa. Ukurasa wa mkataba ule leo unasomeka hivi: "Matengenezo ya mitambo. Tukitaka kuondoka, barua iwafikie kabla ya tarehe 2 Oktoba, si Desemba. Ibara ya 14. Barua pepe haitoshi, wanataka karatasi yenye saini, ibara ya 22. Tazama pia: ucheleweshaji wa mafundi, orodha ya tarehe." Chini yake kuna tarehe niliyoandika na mahali nilipotoa. Mistari minne. Laiti ningeliiandika siku ile niliyopaka rangi ya njano.

Maneno "tazama pia" yana kazi kubwa kuliko yanavyoonekana. Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1998, alitunza kadi za karatasi zipatazo 90,000 katika makabati ya mbao, kila kadi na namba yake, na kadi moja ikitaja namba za nyingine. Kwa makabati hayo aliandika zaidi ya vitabu 50. Watu hutaja wingi wa kadi zake, lakini kadi 90,000 zisizotajana zingekuwa mzigo tu wa karatasi. Na inafaa kukumbuka kwamba kabla ya kuwa profesa alisomea sheria na akafanya kazi ofisini, katika utawala wa serikali. Mafaili aliyajua.

Nitoe mfano wa kwangu. Nilikuwa na ukurasa kuhusu mteja mmoja mkubwa: idara yao ya malipo hurudisha ankara yoyote isiyo na namba ya oda, tena hurudisha kimya kimya, bila kukupigia. Nilikuwa na ukurasa mwingine, ulioandikwa miezi mitano baadaye, kuhusu mteja tofauti kabisa: wao hufunga kupokea ankara tarehe 20 ya kila mwezi, na inayofika tarehe 21 inasubiri mzunguko wa mwezi unaofuata. Siku moja niliziweka kurasa hizo mbili chini ya kichwa kimoja, "Kwa nini ankara zinachelewa kulipwa". Nikazitazama kwa muda. Sisi tulikuwa tunatuma ankara zote tarehe 25.

Nikawapigia simu wahasibu wenzangu wa wateja kumi, mmoja mmoja, nikawauliza swali moja tu: mnafunga lini? Sita walifunga kati ya tarehe 18 na 22. Miaka yote hiyo tulikuwa kikaoni tukiwaita wadaiwa sugu, tukiwaandikia barua za ukali, na kumbe ankara zetu ndizo zilizokuwa zikilala mwezi mzima mlangoni kwao. Tukahamishia utumaji tarehe 15 na kuweka namba ya oda juu kabisa. Fedha zikaanza kuingia mapema, na kijana wetu wa madeni akaacha kuamka na shinikizo. Taarifa hizo mbili sikuzinunua wala hazikuwa siri. Zilikaa zikisubiri kuwekwa pamoja.

Nimeulizwa kama utaratibu huu si wa watu wenye nafasi. Dada mmoja wa idara ya mauzo aliniambia, "Dada, wewe una mlango wa kufunga, mimi nina simu inayolia." Ni kweli, na sina jibu zuri kwake zaidi ya kwamba aanze na jambo moja kwa siku, lile ambalo angechukia kuliuliza mara ya pili. Herbert Simon, mwanauchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1978, alikwisha sema mwaka 1971 kwamba taarifa zinakula usikivu wa anayezipokea, hivyo taarifa zikiwa nyingi usikivu huwa haba. Mwaka ule barua pepe ndiyo kwanza ilikuwa inajaribiwa. Anayehifadhi kila kitu anajidanganya kwamba ameukwepa uhaba huo. Ameuahirisha tu, na riba yake ni kubwa.

Kuna jambo moja ambalo makala yenu haikuligusa na linanitia hofu. Mwandishi amehimiza watu wajitumie nyaraka za kazi kwenye simu zao ili ziwe karibu. Tafadhali msifanye hivyo. Nyaraka ni mali ya mwajiri, na taarifa za wateja ni amana. Kwenye kurasa zangu hakuna namba ya akaunti ya mtu, hakuna mshahara wa mtu, hakuna nakala ya mkataba. Kuna nilichojifunza na mahali pa kwenda kuangalia. Na kurasa zinazohusu kazi zinakaa kwenye mtambo wa kampuni, mahali ambapo msaidizi wangu anaweza kuzisoma. Tulishampoteza mtunza stoo aliyekuwa akijua kwa kichwa ni msambazaji yupi hupunguza bei mwisho wa robo mwaka na yupi kipuri chake hakifungi sawasawa. Alipostaafu tulimfanyia sherehe nzuri. Jumatatu iliyofuata tukaanza kumpigia simu nyumbani, na tuliendelea kumpigia kwa karibu mwaka mzima. Mzee wa watu hakuwahi kukataa kupokea.

Mwisho, Ndugu Mhariri, nina ombi kwa gazeti lenyewe. Mimi ni mmoja wa wasomaji wanaokata vipande vya ukurasa wa uchumi, navisoma Ijumaa na kuandika kilichomo. Mara nyingi nakuta tarakimu isiyo na mwaka, au "wataalamu wanasema" bila kujua ni nani na walisema lini. Kipande cha namna hiyo nalazimika kukitupa hata kikiwa na jambo ninalolihitaji, kwa sababu mwakani sitajua kama bado ni kweli. Muwe mnaandika pembeni ya kila tarakimu imetoka wapi na ni ya mwaka gani. Itawachukua mstari mmoja.

Wako,
Mhasibu na msomaji wa kila siku
(Jina limehifadhiwa)