Faili moja ndilo linaloamua kama data za wagonjwa zinabaki hospitalini

Mhariri,

Hospitali ikialikwa kujiunga na mtandao wa uchambuzi wa data ambao kila mshiriki anabaki na data zake, kauli ya kwanza kusikika ni kwamba taarifa za wagonjwa hazitoki hospitalini. Kinachosafiri ni swali. Linafika kwenye nodi, yaani kompyuta iliyowekwa hapo hapo hospitalini, linahesabiwa, na kinachorudi ni jumla au wastani. Kwa nchi yenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kama Tanzania yetu, au Kenya na sheria yake ya mwaka 2019, ambako taarifa binafsi kuvuka mpaka kuna masharti yake, huu ni utaratibu mzuri na tunauunga mkono. Ila kauli hiyo inasimama juu ya faili moja la usanidi, yaani la mipangilio ya nodi, na aghalabu anayesaini makubaliano hajawahi kuonyeshwa faili hilo.

Tuchukue vantage6, programu huria iliyoanzia IKNL, taasisi ya saratani ya Uholanzi. Kwa toleo lake la 4, mashine yenye Linux, Python na Docker (programu inayoendesha programu nyingine ndani ya vifurushi vilivyotengwa, viitwavyo kontena) inatosha. Docker isiwekwe kwa njia ya snap, mfumo mmojawapo wa kusakinisha programu kwenye Linux, kwa sababu snap huibana isisome mafaili wala kuwasiliana inavyotakiwa, na ujumbe wa hitilafu unaweza usitaje snap popote. Amri ya v6 node new huuliza anwani ya seva kuu ya mtandao, ufunguo wa API (nenosiri la nodi kwa seva hiyo) na mahali data zilipo, kisha huandika faili la usanidi kwa muundo wa YAML. Ukimaliza hapo na kuwasha kwa v6 node start, nodi inafanya kazi. Ni rahisi kudhani kazi imekwisha.

Kwenye faili hilo kuna sehemu inayoitwa policies, na ndani yake allowed_algorithms: orodha ya programu za uchambuzi zinazoruhusiwa kuendeshwa. Isipojazwa, nodi hukubali programu yoyote inayotumwa na mtu mwenye ruhusa ya kutuma kazi kwenye ushirikiano huo, yaani kundi la taasisi zilizounganishwa. Hiyo ni pamoja na programu ya mistari michache inayosoma jedwali zima na kulirudisha kama "matokeo". Nodi haitofautishi wastani na orodha ya majina. Kwake vyote ni matokeo. Data zitakuwa zimetoka, tena kwa mlango wa mbele, si wa uani.

Kuijaza orodha nako kuna mtego wake. Mistari yake inaweza kuandikwa kama ruwaza (regex), yaani kiolezo ambacho majina ya programu hulinganishwa nacho, na ruwaza isipofungwa kwa alama ya $ mwishoni, jina lolote linaloanza hivyo hivyo linapita: umeruhusu programu iitwayo average, kumbe umeruhusu na average-mpya. Kila nukta itanguliwe na mkwaju wa nyuma, maana nukta tupu hukubali herufi yoyote. Tunashauri mstari uishie kwenye utambulisho wa sha256 wa kifurushi chenyewe, namna hii (baada ya sha256 zinafuata herufi na tarakimu zake zote 64):

^harbor2\.vantage6\.ai/demo/average@sha256:…$

Jina la toleo linaweza kesho kuelekezwa kwenye programu nyingine kabisa bila hospitali kujua. Utambulisho wa sha256 hubadilika programu ikibadilika, kwa hiyo nodi itaikataa. Ni usumbufu kila toleo jipya linapotoka, na ndiyo faida yake: mtu wa hospitali analazimika kuangalia kabla ya kuruhusu.

Sasa data zenyewe. Nodi isielekezwe kwenye kanzidata hai inayotumiwa na mapokezi na maabara. Itengenezewe nakala yenye safu zinazohitajika tu, bila majina, namba za simu wala za bima. Tarehe ya kuzaliwa ibaki mwaka, na namba ya mgonjwa ibadilishwe kwa namba ya nasibu. Nakala inayosasishwa mara moja kwa wiki inaweza kuwa faili la CSV tu. Wakitaka kanzidata ya PostgreSQL, mtumiaji wa nodi apewe SELECT, yaani ruhusa ya kusoma, peke yake. Hapo mafundi hukwama kwenye jambo moja: wanaandika localhost ("mashine hii hii") kama anwani ya kanzidata, wanajibiwa "connection refused", na kanzidata iko hai kabisa. Ndani ya kontena, localhost ni kontena lenyewe, si mashine iliyolibeba. Zaidi ya hapo, vantage6 huifungia programu ya uchambuzi kwenye mtandao wa ndani usio na intaneti, kwa makusudi, hivyo njia ya kufikia kanzidata lazima itajwe kwenye usanidi. Anayeamua kuifungua PostgreSQL kwa anwani zote ili mambo yaende, bila kubana pg_hba.conf, faili linaloamua nani aruhusiwe kuunganishwa, ameondoa kinga aliyoikuta.

Jumla nazo huweza kumtaja mtu. Uliza wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye VVU katika kata fulani, ujibiwe 41. Uliza tena wa miaka 15 hadi 48, ujibiwe 40. Umeshampata mwenye miaka 49, na katani wanamjua. Mfumo mwingine wa uchambuzi wa namna hii, DataSHIELD, kwa kawaida yake hukataa jedwali lenye kisanduku cha watu chini ya 3. Kwa ugonjwa wenye unyanyapaa tunaona 3 ni ndogo mno, iwekwe 10. Hata hivyo kiwango hicho hakizuii mfano wetu, kwa sababu 41 na 40 zote zinapita. Dawa yake ni kuweka umri kwa makundi ya miaka mitano mitano ndani ya nakala yenyewe kabla nodi haijaiona, na kumbukumbu za maswali kusomwa na mtu.

Hatari ya kinyume ni jibu lisilo na maana. Sukari ya damu ya 7.0 mmol/L ni sawa na 126 mg/dL. Maabara moja ikiandika kwa kipimo cha kwanza na nyingine kwa cha pili, wastani wa mtandao mzima unaharibika na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu, kwa kuwa hakuna anayeona safu za mwenzake. Vivyo hivyo 999 iliyowekwa pale mgonjwa asipopimwa. Kila safu ikaguliwe kiwango cha chini na cha juu kabla ya nodi kuwashwa.

Upande wa mtandao ni mwepesi. Nodi ndiyo inayoipigia seva, kwa HTTPS, kawaida poti 443. Haihitaji kufunguliwa njia ya kuingia kutoka nje, na anayeomba hivyo aeleze kwa maandishi. Saa ya mashine isawazishwe, la sivyo vyeti vya usalama vya HTTPS vitakataliwa. Kama kitengo cha TEHAMA kinapekua mawasiliano ya HTTPS, nodi ipewe cheti cha hospitali au iondolewe kwenye upekuzi. Diski nayo hujaa taratibu kwa vifurushi vya Docker na kumbukumbu. Max-size na max-file, mipaka ya ukubwa na idadi ya mafaili ya kumbukumbu, ziwekwe kwenye daemon.json, faili la mipangilio ya Docker, tangu siku ya kwanza.

Usimbaji, yaani kuzificha data kwa msimbo zinaposafiri, ni wa ushirikiano mzima: ukiwa umewashwa kwenye seva na faili la nodi linasema false, nodi inagoma kuwaka. Ufunguo wa siri ukipotea, yaliyosimbwa kwa ajili ya hospitali hiyo hayafunguki tena, kwa hiyo nakala yake ikae kwenye kabati la ofisi, si kwenye barua pepe ya mkandarasi. Na mkandarasi mwenyewe: aliyeingizwa kwenye kundi la docker amepata mamlaka sawa na root, mtumiaji mkuu wa Linux, anaweza kusoma kila kitu kwenye mashine hiyo hata kama hana nenosiri la msimamizi. Mkataba wake ukiisha, aondolewe kwenye kundi siku hiyo hiyo.

Wataalamu wa mifumo ya taarifa za afya,
Dar es Salaam