Barua ya wazi kwa Karani wa Mahakama ya Kaunti: kutaja jina la karatasi si kutoa ushauri wa kisheria

Mheshimiwa Karani,

Kwenye kioo cha dirisha la masijala yako kumebandikwa tangazo linalosema watumishi hawaruhusiwi kutoa ushauri wa kisheria. Sina ugomvi na tangazo lenyewe. Karani si wakili wa mtu, na siku atakapoanza kumwelekeza mdai adai nini na mdaiwa ajibu nini, haki itapinda. Ugomvi wangu ni na jinsi linavyotumiwa. Mtu akifika kuuliza karatasi ya talaka aliyoagizwa na watu wa uhamiaji inaitwaje kwenu na inaombwaje, anaoneshwa tangazo kwa kidole. Mazungumzo yanaishia hapo, na anayefuata kwenye foleni anaitwa.

Mimi ni mmoja wa wale wanaopigiwa simu, na watu wa kanisani na wa msikitini, kila inapofika barua ya Kiingereza isiyoeleweka. Si wakili, sina ofisi, na hakuna anayenilipa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wenye shida hii ndio wasomaji wangu. Tafsiri ya Kiingereza utaikuta kwenye bahasha iliyoletwa ofisini kwako. Kaunti yako siitaji kwa makusudi. Nikiitaja, karani wa kaunti ya jirani atajiona amesalimika, naye hajasalimika.

Huenda ukajiuliza watu wanatafuta nini kwenye ndoa iliyokwisha kuvunjika. Wanatafuta maisha yao ya sasa. Anayeomba uraia wa Marekani, kama aliwahi kuoa au kuolewa kabla, hudaiwa ushahidi kwamba ndoa ile iliisha kisheria. Anayemwombea viza mwenzi wa sasa hudaiwa hivyo hivyo, hata kama talaka ilitoka miaka ishirini iliyopita. Mwanamke aliyerudia jina la babake anahitaji hukumu inayosema hivyo ili leseni yake mpya ya udereva iungane na cheti chake cha ndoa. Na tangu Mei 7, 2025, masharti ya Real ID (leseni au kitambulisho cha jimbo kinachotimiza viwango vya shirikisho) yalipoanza kutumika viwanja vya ndege, majina yasiyoungana yamekuwa kero ya kila siku. Halafu kuna wazee. Aliyeachana na mwenzi baada ya ndoa iliyodumu miaka 10 au zaidi, na hajaoa wala kuolewa tena, anaweza kudai mafao ya uzeeni ya serikali, yaitwayo Social Security, kupitia kumbukumbu za kazi za mwenzi yule akishatimiza miaka 62. Wengi wa mama zetu hawajawahi kulisikia hili. Wanaolisikia hukwama kwenye karatasi.

Na karatasi, Mheshimiwa, ziko tatu. Wewe unazijua kama vidole vyako, ila mtu wa kawaida anajua moja tu: "karatasi ya talaka." Kuna cheti, kipande kifupi chenye majina, tarehe na mahali, ambacho kwa kawaida hutolewa na ofisi ya jimbo inayosajili vizazi na vifo, si na mahakama. Kuna hukumu, iliyosainiwa na jaji, inayoivunja ndoa na kueleza nyumba ni ya nani na watoto wanakaa wapi. Na kuna jalada zima, tangu ombi la kwanza hadi viapo, taarifa za benki na barua za mawakili. Watu wa uhamiaji karibu kila mara wanataka hukumu. Mwombaji akisema "karatasi ya talaka" mtandaoni, anapelekwa kwenye cheti. Akisema hivyo dirishani, anaulizwa kama anataka jalada lote, kwa kurasa, na kila ukurasa una bei yake.

Mkanganyiko huu hakuuzusha mhamiaji. Marekani haina daftari moja la talaka la nchi nzima. Talaka ni kazi ya majimbo, mahakama za shirikisho zimejitenga nayo tangu karne ya 19, na mfumo wa mtandaoni wa kutafutia kesi za shirikisho hautakuonesha hata moja. Kila jimbo likajipangia. Texas, ofisi ya takwimu ya jimbo hutoa barua ya kuthibitisha tu kwamba talaka ya tangu mwaka 1968 imeandikishwa. Hukumu yenyewe iko kwa karani wa mahakama ya wilaya. Si kwa karani wa kaunti, ambaye ndiye aliyewapa leseni ya ndoa, na ambaye kila mtu humkimbilia kwanza kwa sababu ndiye anayemkumbuka. California, ofisi ya jimbo ina kumbukumbu za talaka za 1962 hadi Juni 1984 tu. Kabla na baada ya hapo, nenda mahakamani. New York, talaka husikilizwa na mahakama iitwayo Mahakama Kuu Kabisa (Supreme Court) ambayo wala si ya mwisho kimamlaka, jalada hukaa kwa karani wa kaunti, na hufungwa kwa miaka 100 kwa kila mtu isipokuwa wenye ndoa, mawakili wao, au mwenye amri ya mahakama. Pennsylvania, kaunti nyingi humwita mtunza majalada haya Prothonotary, jina ambalo Wamarekani wenyewe hulitamka kwa kusitasita.

Kuna swali linalotangulia yote, na ndilo ninaloomba makarani wako wawe wa kwanza kuliuliza: kesi ilifunguliwa wapi? Watu wetu hudhani ni pale walipofungia ndoa, au pale wanapoishi leo. Mara nyingi si huku wala si kule. Kesi hufunguliwa pale mmoja wao alipokuwa anaishi wakati ule. Texas inataka awe ameishi jimboni miezi 6 na kwenye kaunti siku 90. Nevada imeridhika na wiki 6 tangu enzi za babu zetu. Mume aliyehamia Nevada kufuata kazi anaweza kuwa amemaliza kila kitu huko, na mke akabaki anatafuta jalada kwenye kaunti ambayo halikuwahi kufika. (Aliyeachwa kwa talaka ya sheikhe peke yake, huku huku Marekani, hana jalada popote, na kwa sheria ya jimbo bado yumo ndani ya ndoa. Hilo nalo watu waambiwe mapema, kabla ya kufunga ndoa nyingine.)

Acha nikueleze kilichotokea kwenye dirisha mojawapo, nikiwa pembeni nimeshika mkoba wa niliyemsindikiza. Mama wa makamo, mtulivu, ameachika miaka mingi, usaili wake wa uraia uko karibu. Kijana wa dirishani akauliza namba ya kesi. Mama hana. Akauliza jina la mfungua kesi. Mama akataja lake, kwa sababu yeye ndiye aliyesimama pale. Kijana akaandika, akabonyeza, akasema, "Hakuna rekodi." Mama akanigeukia, "Mwanangu, ina maana mimi bado mke wa mtu?"

Rekodi ilikuwepo. Aliyefungua kesi alikuwa mume, na mfumo ulikuwa ukitafuta upande mmoja tu. Isitoshe, majina ya mume yalikuwa matatu, kama yalivyo ya wengi wetu: lake, la babake, la babu. Makaratasi ya ukimbizi yalifanya la babu kuwa la ukoo. Wakili aliyeandika ombi la talaka akafanya la baba kuwa la ukoo. Na aliyeliingiza kwenye kompyuta ya mahakama akaongeza h mwishoni. Tarehe ya kuzaliwa nayo haikusaidia kitu. Wote wawili walizaliwa Januari 1, kama maelfu ya wakimbizi ambao mtu fulani mwenye fomu aliwaandikia siku hiyo kwa kuwa hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Tulipoomba jina la mume lijaribiwe kwa kupindua la kati na la mwisho, jalada likatokea. Kijana mwenyewe alifurahi. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemfundisha kwamba Abdalla, Abdallah na Abdulla wanaweza kuwa mtu mmoja.

Hapo ndipo alipouliza, "Unataka ya kawaida au iliyothibitishwa?" Mama akajibu ya kawaida, maana ilikuwa rahisi zaidi. Ningekuwa nimetoka kwenda kulipia maegesho, angeondoka na kopi isiyo na mhuri wala saini ya karani, wakati mhuri ndio hasa uliomleta.

Sasa niambie, Mheshimiwa: katika hayo yote, ushauri wa kisheria uko wapi? Kusema "kopi ya kawaida haina mhuri, na ofisi nyingi hudai yenye mhuri" ni taarifa. Kusema "jaribu na jina la mwenzako, huenda ndiye aliyefungua" ni taarifa. Kumwambia mama adai nyumba au asidai, huo ndio ushauri. Mafunzo ya watumishi wa mahakama yanaijua tofauti hiyo siku nyingi, na majimbo kadhaa yameiandika waziwazi kwenye miongozo yao: taarifa ya kisheria inaruhusiwa, ushauri hauruhusiwi. Tangazo lako limebeba nusu ya pili tu ya sentensi.

Ninachoomba kwanza ni karatasi moja ukutani, mbele ya foleni na si baada yake, ikieleza cheti, hukumu na jalada: kila kimoja ni nini, kinatolewa na ofisi gani, kwa ada gani, na kopi ya kawaida ina tofauti gani na iliyothibitishwa. Iwekwe kwa lugha zinazozungumzwa kwenye kaunti hii, Kiswahili kikiwemo. Najua amri ya rais ya mwaka 2000 iliyozitaka taasisi kuwahudumia wasiojua Kiingereza vizuri ilifutwa Machi 2025. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 haikufutwa, na mahakama inayopokea fedha za shirikisho bado imekatazwa kumbagua mtu kwa asili yake. Ila sikuja kukutisha na sheria. Tafsiri ya ukurasa mmoja sisi wenyewe tutaifanya bure, na mtapata mtu wa kuihakiki.

La pili lina uzito zaidi kwangu. Utafutaji wa jina uende pande zote mbili, kwa mpangilio wowote wa majina, na kwa tahajia zinazokaribiana. Na pale mnapotoa barua ya "hakuna rekodi," barua hiyo itaje majina yaliyotafutwa herufi kwa herufi, na miaka iliyotafutwa. Barua isiyotaja hayo ni hatari. Mtu anaichukua, anaipeleka uhamiaji, na kumbe anajitolea ushahidi kwamba hajawahi kuachika. Tena kwenye kaunti nyingi majalada ya zamani yako kwenye maikrofilamu au ghala la nje ya mji, na kompyuta ya dirishani haiyaoni kabisa. "Hakuna" ikitokea kwenye kompyuta peke yake, iseme hivyo.

Wanaoomba kwa posta waandikiwe mnachokihitaji mahali pamoja: majina kamili ya wote wawili, mwaka au hata makadirio ya mwaka, namba ya kesi kama ipo, kopi ya kitambulisho pale inapotakiwa, hawala ya fedha ya kiasi kamili, na bahasha yenye stempu na anwani ya kurudishia. Bahasha ile ya mwisho ikisahaulika, ombi hulala. Na kama kuna msamaha wa ada kwa wasio na uwezo, fomu yake isiwekwe chini ya meza.

Kuna watakaosema nataka talaka za watu zianikwe mtandaoni. Sitaki. Jalada la talaka lina akaunti za benki, majina ya watoto, na mara nyingine anwani ya mwanamke aliyemkimbia mtu anayempiga. Kufunga kama New York kunaweza kuonekana kumezidi, lakini naelewa kwa nini. Ninayemsemea hapa ni mwenye ndoa yake anayeomba hukumu yake. Kwake huyo siri haipo; kilichopo ni njia isiyosemwa, na penye njia isiyosemwa wafanyabiashara wamejaa. Tovuti za kutafutia watu humtoza kwa kadi, wakampa orodha ya majina yanayofanana na lake, bila mhuri wala saini. Nimeona risiti hizo mikononi mwa watu ambao jalada lao lilikuwa ghorofa ya pili ya jengo lako.

Mkutano wa kamati ya wakalimani na makarani uko wazi kwa wananchi, na nimeomba dakika za kuzungumza. Kabla ya siku hiyo naomba jibu la maandishi kwa swali moja tu: karani wa dirishani akimwambia mtu "unachohitaji ni hukumu iliyothibitishwa, na inaombwa kwa fomu hii," je, kwa utaratibu wa ofisi yako amekosea? Kama hakukosea, naomba jibu hilo libandikwe kwenye kioo kile kile, kando ya tangazo lililopo.

Wako katika utumishi,
Mkalimani wa kujitolea, mkazi wa kaunti yako