Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Hoja Moja, Kura Tatu

Ndugu wanachama,

Mambo ya kawaida nitayapitia upesi, maana najua hayakuwaleta hapa. Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma baada yangu. Mikataba janja, yaani programu za kompyuta zinazotunza hazina yetu ya sarafu za kidijitali, haikuguswa mwaka huu. Wajumbe wawili wa kamati walijiuzulu na nafasi zao zitajazwa leo. Muda wangu uliobaki nautumia kwa ile hoja ya kukopesha sehemu ya hazina, ambayo tuliipigia kura mara tatu na bado tunagombana nayo.

Kwa waliojiunga karibuni: katika kura ya kwanza waliounga mkono walikuwa wengi, ila akidi haikutimia. Kuirudisha hapo hakukuleta ugomvi, na sioni kwa nini kungeleta. Hoja iliyokosa akidi haijakataliwa na mtu. Hata kwenye Uniswap, soko la kubadilishana sarafu za kidijitali, hoja ya kwanza ya wenye tokeni (vipande vya kidijitali vinavyotoa haki ya kupiga kura, kama vyetu), Oktoba 2020, ilipata kura za ndiyo karibu milioni 39.6, za hapana hazikufika hata milioni moja, na ikaanguka kwa kuwa kiwango kilichowekwa kilikuwa milioni 40. Kura yetu ya pili ilitimiza akidi, na hoja ikakataliwa waziwazi. Siku kumi na moja baadaye ilirudi, neno kwa neno, ikapita.

Wengi mmeniandikia kwamba kura ya tatu ni batili. Kwa katiba tuliyo nayo si batili. Katiba inasema nani anaweza kuleta hoja na anatakiwa awe na tokeni kiasi gani. Juu ya hoja iliyokwisha kukataliwa, kimya. Mimi ndiye niliyeipitisha iingie kwenye ajenda, nikijificha nyuma ya ukimya huo. Nilipaswa kumuuliza mleta hoja swali moja: tangu juzi kimebadilika nini? Sikumuuliza, na hilo ni langu, wala kamati isilaumiwe.

Wapo wanaotaka sasa kurudia kura kupigwe marufuku kabisa. Sikubaliani nao. Juni 2022 wenye tokeni za Solend, jukwaa la kukopeshana sarafu za kidijitali, walipitisha, kwa kura iliyodumu saa chache tu, hoja ya kushika akaunti ya mkopaji mmoja mkubwa ili dhamana yake iuzwe taratibu nje ya soko la wazi. Pochi moja, yaani akaunti moja ya kutunzia tokeni, ndiyo iliyotoa sehemu kubwa mno ya kura za ndiyo. Kelele zilikuwa kubwa, na siku iliyofuata ikapigwa kura nyingine ya kufuta ile ya kwanza na kurefusha muda wa kupiga kura uwe siku nzima. Bila kurudia, jumuiya ile ingebaki na uamuzi ambao wenyewe waliuonea aibu.

Lakini kuna sura ya pili, na ndiyo inayofanana na yetu. Julai 2024, kundi moja la wenye tokeni nyingi lilipitisha kwenye Compound, jukwaa jingine la mikopo, hoja ya kuhamisha tokeni zake za COMP 499,000 kutoka hazina kwenda kwenye mpango wake lenyewe wa uwekezaji. Kura za ndiyo zilikuwa 682,191, za hapana 633,636. Majaribio ya nyuma yalikuwa hayakufaulu. Baadaye yalifanyika maafikiano na hoja ikafutwa, ila somo nililolichukua mimi ni la uchovu. Anayepinga lazima ashinde kila mara. Anayetaka fedha anahitaji kushinda mara moja tu.

Uchovu huo kwetu una bei. Kila kura kwenye mnyororo wa bloku, lile daftari la pamoja la kidijitali, hulipiwa ada, na ada hiyo haiangalii una tokeni ngapi. Mwenye pochi nono haihisi. Mwenye tokeni chache akishalipa mara mbili kusema hapana, ya tatu anasema liwalo na liwe. Zaidi ya hayo, salio la kila mpigakura husomwa kwenye bloku moja, yaani ukurasa mmoja wa daftari hilo, iliyochaguliwa kabla ya kura kufunguliwa. Kurudia kura ni kuchagua bloku mpya, na kati ya bloku mbili mtu ana nafasi ya kununua au kuazima tokeni. Kwa hiyo tunaposema “wanachama wamebadili mawazo”, tuwe waangalifu: huenda mawazo ni yaleyale na tokeni ndizo zilizobadili mikono.

Sasa lile ambalo baadhi yenu mnaliita mapinduzi. Baada ya kura ya tatu niliwaomba washika funguo wa hazina, ambao bila saini zao fedha hazitoki, wasitie saini hadi mkutano huu. Wamekubali, na fedha hazijatoka. Waliokasirika wana haki: washika funguo hawakuchaguliwa kupima kura ipi ni halali, na mwenyekiti anayewaomba wachelewe amejipa turufu ambayo hamkumpa. Nilifanya hivyo kwa kuwa mkopo ukishatoka haurudishwi kwa kura yoyote. Mkiona nilikosea, semeni leo na washika funguo watatia saini.

Niliombwa pia niitishe kura ya nne ya kuitengua ya tatu. Nilikataa. Siwezi kulalamikia hoja iliyorudi bila jipya halafu nikaifanyia hivyohivyo kwa kuwa matokeo hayakunipendeza.

Kamati inaleta kanuni hii: hoja iliyokataliwa kwa akidi kamili isirudi kabla ya siku 90, isipokuwa mleta hoja aonyeshe kwa maandishi kilichobadilika, na inaporudi ihitaji theluthi mbili. Iliyokosa akidi irudi mara moja tu ndani ya muda huo. Hoja ya kutengua uamuzi ipokelewe kabla fedha hazijatoka, basi. Katibu wetu anaona siku 90 ni nyingi mno, na atajieleza mwenyewe.

Bloku ya kusoma salio kwa ajili ya kanuni hii ilitangazwa pamoja na mwaliko na imekwisha kupita, kwa hiyo tokeni zilizonunuliwa wiki hii hazitahesabiwa. Mimi tokeni zangu sitazipigia kura, kwa kuwa kanuni inahukumu kosa langu. Walionikabidhi uwakilishi wao nimewarudishia. Tafadhali hakikisheni pochi zenu kabla kura haijafunguliwa.