Jeli zinazonywea kwa joto: tazameni umbo la molekuli

Ndugu Mhariri,

Tumefurahi kuona ukurasa wenu wa sayansi ukigusa jeli zinazonywea zikipata joto. Hata hivyo, makala ile ilisema kwamba jeli hizi hunywea zikifika nyuzi 32 za Selsiasi kwa kuwa minyororo yake haipendi maji. Namba hiyo ni ya polima moja tu (polima ni mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zilizoungana, ziitwazo monoma), ile ya N-isopropili-akrilamaidi, na kutopenda maji ni nusu tu ya maelezo. Mwanafunzi akiingia maabara na sentensi hiyo peke yake, atapotea mapema.

Kila kipande cha mnyororo huo kina sehemu mbili. Kundi la amaidi, lenye oksijeni na naitrojeni, huyashika maji kwa vifungo vya haidrojeni. Kundi la isopropili haliyashiki, ila maji yaliyo jirani nalo hulazimika kujipanga kulizunguka. Mpangilio huo una gharama, na gharama hupanda kadiri joto linavyopanda. Ikifika mahali vifungo vya haidrojeni haviwezi tena kuilipa, maji yaliyojipanga huachiliwa, makundi ya isopropili husogeleana, na jeli hutema maji. Mwaka 1984 watafiti Hirokawa na Tanaka walionyesha jeli ya namna hii ikibadili ujazo wake ghafla ndani ya maji matupu, na tangu hapo imekuwa kipimo cha kulinganishia nyingine zote.

Sasa badilisheni umbo pekee. Isopropili ni kaboni tatu zilizochanua matawi. Zinyoosheni ziwe mstari mmoja, atomi zilezile na idadi ileile, na joto la mgeuko, yaani joto ambalo jeli hunywea, hushuka hadi karibu nyuzi 23. Zifungeni ziwe pete, nalo huvuka nyuzi 40. Ondoeni kaboni moja ibaki ethili, yenye kaboni mbili, nalo hupita nyuzi 70. Hadi hapo mtu anaweza bado kujitetea kwa hoja ya kutopenda maji. Hoja hiyo huvunjika kwenye methili moja, kundi la kaboni moja tu: iongezeni kwenye uti wa mnyororo, yaani tumieni N-isopropili-methakrilamaidi. Mmeongeza kitu kisichopenda maji, kwa hiyo mgeuko ungepaswa kushuka. Unapanda, hadi karibu nyuzi 44! Methili ile hubana nafasi kwenye uti, mnyororo haujipindi kwa urahisi, na makundi ya isopropili hayapati pa kukaribiana vizuri. Huu ndio mfano tuliotamani makala iuanzie. Una faida ya moja kwa moja pia, kwani ukichanganya monoma hizi mbili nusu kwa nusu unapata jeli inayogeuka kati ya joto zao, karibu nyuzi 38, bila kuongeza chaji wala chumvi.

Haidrojeni iliyo juu ya naitrojeni ya amaidi nayo ina kazi yake. Polima ya N,N-diethili-akrilamaidi haina haidrojeni hiyo. Joto lake la mgeuko haliko mbali na nyuzi 32, lakini jeli yake hunywea taratibu, ilhali ile ya isopropili inaweza kuporomoka kwa ghafla, kwa kuwa amaidi zake hufungana zenyewe kwa zenyewe mara maji yanapotoka. Hata upande ambao makundi ya pembeni yameelekea una uzito: mengi yakikaa upande mmoja wa uti, mgeuko wa isopropili hushuka kuelekea nyuzi 17, na yakizidi hapo polima haiyeyuki kabisa ndani ya maji.

Yote hayo huamua ni lini jeli itanywea. Itavimba kiasi gani kabla ya hapo ni suala la viungio vinavyofunga mnyororo kwa mnyororo. Kanuni inayotumika sana ni gramu 7.8 za N-isopropili-akrilamaidi na miligramu 133 za kiungio, methilini-bisi-akrilamaidi (kwa kifupi bisi), katika mililita 100 za maji, mikrolita 240 za kichapuzi kiitwacho TEMED, na mwishoni miligramu 40 za amoniamu pasalfeti, inayoanzisha mmenyuko. Hapo kuna kiungio kimoja kwa kila monoma 80 hivi. Ukiongeza kiungio maradufu, nadharia ya mkemia wa polima Paul Flory inasema uvimbaji wa kwenye baridi ushuke kwa theluthi moja. Kwa vitendo hushuka pungufu ya hapo, kwa sababu bisi humenyuka haraka kuliko N-isopropili-akrilamaidi: hujirundika katika mafundo mwanzoni mwa mmenyuko, na sehemu yake huishia kwenye vitanzi visivyobeba mzigo wowote. Joto la mgeuko lenyewe halitikisiki sana.

Kosa linaloharibu jeli nyingi ni joto la mmenyuko wenyewe. Upolimishaji huu, yaani kuungana kwa monoma kuwa minyororo, hutoa joto. Mchanganyiko ukipanda kupita nyuzi 32 wakati minyororo inaungana, hunywea papo hapo na mafundo hufungwa humo moja kwa moja. Jeli hutoka nyeupe kama maziwa na haitarudi kuwa angavu hata ukiipoza wiki nzima. Dawa ni kuweka chombo ndani ya maji ya barafu na kumimina tabaka jembamba, milimita 1 kati ya vioo viwili. Kabla ya kutia pasalfeti, pitisha naitrojeni kwa dakika 20 au 30. Oksijeni ikibaki, mmenyuko huchelewa na minyororo huwa mifupi. Vaa glavu, maana monoma za akrilamaidi ni sumu. Kisha loweka jeli kwenye maji safi siku kadhaa, ukiyabadilisha kila siku, vinginevyo utapima pamoja na uzito wa monoma ambazo hazikuungana.

Katika kupima, haraka ndiyo adui. Muda wa kufikia usawa hukua kwa mraba wa unene. Kipande chenye nusu-kipenyo cha milimita 1 huhitaji saa moja na nusu hivi. Cha milimita 5 huhitaji mara 25 ya hapo, zaidi ya siku nzima. Ukipasha kwa ghafla, tabaka la nje hunywea kwanza na kuwa ngozi ngumu inayozuia maji ya ndani yasitoke, na malengelenge hujitokeza juu. Anayepima uzito saa hiyo ataandika kwamba jeli bado imevimba juu ya mgeuko, na atalaumu molekuli isiyo na hatia. Panda nyuzi moja moja ukikaribia mgeuko, futa maji ya juu kwa karatasi kabla ya mizani, na rudia vipimo ukishuka, kwa sababu njia ya kupanda na ya kushuka hazilingani kila mara.

Tunaomba basi mchapishe masahihisho, na kila mtakapotaja joto la mgeuko mtaje pia monoma, kiwango cha kiungio, na joto ambalo jeli ilitengenezwa.

Wenu,
Wakemia wa polima, wasomaji wa ukurasa wa sayansi