Klabu za sayansi zisikitupe kihisi cha OV7670

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wanaowashauri walezi wa klabu za sayansi hapa Nakuru waachane na kihisi cha picha cha OV7670, wanunue bodi ya ESP32-CAM, ambayo huja na kamera yake na kurusha picha kwa Wi-Fi. Ushauri huo unamfaa mfugaji wa Njoro anayetaka kuchungulia banda la kuku akiwa mjini. Mwanafunzi, kwa upande wake, unamficha yale hasa aliyokuja kujifunza.

Hebu tupige hesabu. Picha ya pikseli 320 kwa 240, ikichukuliwa mwangaza pekee, inadai baiti 76,800, ilhali kumbukumbu ya kazi ya Arduino Uno R3, bodi ndogo ya kompyuta inayokisoma kihisi hicho, ni baiti 2,048 tu. Picha nzima haienei humo asilani, lakini mstari mmoja wa baiti 320 unaenea bila taabu. Kwa hiyo mwanafunzi hulazimika kupunguza kasi ya kihisi, kusubiri ishara ya VSYNC inayotangaza picha mpya, kisha HREF inayoonyesha kwamba mstari unapita, na kusoma nyaya nane za data kila PCLK, yaani mapigo ya saa ya kihisi, inapopiga, huku akiziruka baiti za rangi, kabla ya kuutuma mstari huo kwenye kompyuta. Picha itakayopatikana si ya kujivunia (simu ya bei nafuu kabisa huishinda), ila aliyeipata anajua kila baiti ilikotoka.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni kwenye umeme, kwa kuwa kihisi hiki ni cha volti 3.3 na Uno hutoa 5. Nyaya za data hazina shida, maana Uno huzitambua volti 3.3. Waya wa XCLK, unaopeleka mapigo ya saa kutoka Uno hadi kwenye kihisi, ndio unaopaswa kupunguziwa volti kwa rezista mbili, ya kiloohmu 1 na ya 2. Nazo nyaya za maagizo, SIOC na SIOD, zivutwe juu hadi volti 3.3 kwa rezista zake, baada ya kuzimwa zile za ndani ya Uno ambazo maktaba ya Wire, yaani programu ya Arduino ya kutuma maagizo kwa nyaya hizo, huziwasha yenyewe.

Ombi langu kwa walezi wenzangu ni kwamba rezista hizo ziandikwe kwenye orodha ya ununuzi pamoja na kihisi, na ESP32-CAM isubiri muhula wa pili.

Mlezi wa klabu ya sayansi,
Nakuru