Teja akirudia unga asifokewe

Mhariri, naomba nichangie ile habari yenu ya waraibu wa heroini (unga) wanaokatisha methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha. Huduma ilianza Muhimbili 2011, dawa kwa kawaida unainywa kila siku mbele ya mhudumu, sawa, lakini wapo wengi walioingia kwenye unga baada ya kupigwa au kubakwa utotoni, sasa mtu kama huyo akikosa dozi halafu akirudi anafokewa dirishani mbele ya foleni nzima, "we teja umerudi tena?", unategemea kesho aje?

Mi naona wizara iwape semina wauguzi na maafisa ustawi wa jamii, wajue anayeshtuka mlango ukibamizwa sio jeuri, ni yale yaliyompata. Unasihi ufanyike faragha, mtu aambiwe kabla ya kuguswa, na aulizwe taratibu kimempata nini (chumba cha faragha labda ndo kitagharimu).

Msomaji wenu, Temeke